Kuku Mpakani, Homa Kitandani: Biashara ya Kimataifa ya Kuku na Afya ya Watoto wa Handeni na Korogwe

Mtoto wa miezi 14 analetwa katika zahanati ya kijiji wilayani Handeni. Ana homa kwa siku nne, na viganja vyake vimepauka. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Anapewa dawa mseto, na mama yake anaambiwa arudi naye nyumbani. Siku tatu baadaye analetwa tena akiwa na homa ileile, anapumua kwa kasi na hawezi kunyonya. Hakuharisha hata siku moja. Anakimbizwa katika hospitali yenye maabara ya kuotesha vimelea, na damu yake inapooteshwa, inaonekana kuwa na bakteria wa Salmonella.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo, lakini kila kipande chake kinafahamika kwa matabibu wa Mkoa wa Tanga. Jamaa wa mtoto kama huyo huuliza swali moja: bakteria hao wametoka wapi? Jibu hupitia jikoni, bandani, kwenye gulio na barabarani, na pengine hufika hadi kwenye mashamba ya kuku yaliyo ng'ambo ya bahari. Makala haya yanaifuata njia hiyo kutoka mbali hadi karibu, ili kubainisha ni wapi inapoweza kukatwa na wakazi wa Handeni na Korogwe wenyewe pamoja na watumishi wao wa afya na mifugo.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza:
(a) kueleza njia mbili ambazo biashara ya kimataifa ya kuku hueneza vimelea vya magonjwa;
(b) kueleza kwa nini katazo la mpakani, ingawa lina manufaa, halitoshi kumlinda mlaji;
(c) kueleza uhusiano uliopo kati ya malaria na Salmonella katika damu ya mtoto;
(d) kutaja hatua zinazofaa kuchukuliwa jikoni, bandani na katika kituo cha afya.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake ya kwanza ya magonjwa yatokanayo na chakula kwa dunia nzima. Kwa mujibu wa makadirio hayo, watu milioni 600, yaani takriban mtu 1 kati ya 10, huugua kila mwaka kwa kula chakula chenye vimelea au sumu, na watu 420,000 hufariki. Miongoni mwa wanaofariki, 125,000 ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Kanda ya Afrika ilionekana kubeba mzigo mzito kuliko kanda nyingine kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Salmonella ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo hivyo, na inafaa itofautishwe katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la Salmonella Typhi, inayosababisha homa ya matumbo, ambayo makazi yake ni mwili wa binadamu peke yake. Kundi la pili ni la Salmonella nyingine nyingi, zikiwamo Enteritidis na Typhimurium, ambazo hukaa pia katika matumbo ya wanyama. Kuku ni mmoja wa wenyeji wake wakuu. Vilevile kuku hubeba Campylobacter, bakteria mwingine anayesababisha kuharisha na maumivu makali ya tumbo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kuku mkubwa mwenye bakteria hawa huonekana mzima kabisa. Kideri kikiingia kijijini, kila mtu hukiona: kuku husinzia, huharisha kijani, hupinda shingo na kufa kwa wingi. Lakini kuku mwenye Salmonella Enteritidis hula, hutaga na huuzwa kwa bei nzuri. Mfugaji haoni hasara, mnunuzi haoni kasoro, na mkaguzi anayetegemea macho peke yake hana cha kukamata.

Njia ya kwanza: nyama iliyogandishwa

Brazili ndiyo nchi inayouza nyama nyingi ya kuku nje ya mipaka yake kuliko nchi nyingine yoyote, na mauzo hayo hupita tani milioni 4 kwa mwaka. Nyama hiyo husafiri kwa meli ndani ya makontena yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo huwazuia bakteria wasizaliane, lakini haiwaui wote. Campylobacter hupungua sana. Salmonella hulala tu, ikisubiri joto. Kwa hiyo usalama wa nyama hii unategemea mnyororo wa ubaridi usiokatika kuanzia kiwandani hadi kwenye sufuria ya mlaji.

Kamerun inaonyesha kinachotokea mnyororo huo unapokatika. Kuanzia miaka ya 1990 nchi hiyo ilipokea shehena kubwa za vipande vya kuku vilivyogandishwa kutoka Ulaya, vikiuzwa kwa bei ya chini kuliko kuku wa wafugaji wa nchini. Vipande hivyo viliuzwa katika masoko ya wazi, vikiyeyuka mchana na kugandishwa upya usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sampuli zilizochukuliwa sokoni na kupimwa maabara zilionekana kwa sehemu kubwa kutofaa kuliwa na binadamu. Chama cha raia kiitwacho ACDIC, kilichoongozwa na Bernard Njonga, kiliendesha kampeni kubwa dhidi ya uagizaji huo, na mwaka 2006 serikali iliupiga marufuku. Karibu zaidi na pwani ya Afrika Mashariki, visiwa vya Komoro hadi leo hutegemea sana vipande vya kuku vilivyogandishwa kutoka nje, hasa mabawa, ambayo yamekuwa chakula cha kila siku cha kaya nyingi.

Cheti cha afya kinachoambatana na shehena nacho kina mipaka yake. Machi 2017 polisi wa Brazili walitangaza uchunguzi uliowatuhumu baadhi ya wakaguzi wa nyama kupokea rushwa ili kupitisha nyama isiyostahili, na nchi kadhaa zikasimamisha ununuzi kwa muda. Kati ya mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilipatwa na mlipuko mkubwa wa Listeria uliohusishwa na soseji aina ya poloni kutoka kiwanda kimoja mjini Polokwane. Wagonjwa 1,060 walithibitishwa na watu 216 walifariki, wakiwamo watoto wachanga wengi. Bidhaa hizo zilikuwa zikiuzwa pia katika nchi jirani, ambazo zililazimika kuziondoa madukani. Tukio hilo lilionyesha kwamba kosa la kiwanda kimoja huweza kuvuka mipaka kadhaa kabla halijagunduliwa.

Njia ya pili: nasaba ya kuku

Njia ya pili haionekani kirahisi, na kwa wilaya kama Handeni na Korogwe ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kuku wa kisasa anayeuzwa akiwa na wiki chache ana ukoo uliopangwa kama piramidi. Juu kabisa wako kuku wa asili ya mbegu, wanaomilikiwa na kampuni chache mno duniani. Chini yao wako babu na bibi, kisha kuku wazazi, kisha mamilioni ya vifaranga wanaosambazwa kwa wafugaji. Kuku mmoja aliye juu ya piramidi ana uzao usiohesabika chini yake.

Salmonella Enteritidis ina sifa inayoufanya mpangilio huo kuwa na hatari. Inaweza kuingia katika ovari ya kuku na kukaa ndani ya yai kabla ganda halijaumbwa. Kifaranga hutotolewa akiwa tayari amebeba alichorithi, na ndani ya kitotoleshi huwaambukiza wenzake. Katika miaka ya 1980 maambukizi ya Enteritidis yaliongezeka kwa kasi karibu wakati mmoja Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikosa maelezo ya kuridhisha. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilichapisha uchambuzi wa jeni za bakteria hao zaidi ya 30,000 kutoka nchi 98, na kuhitimisha kwamba kuenea huko kunalingana na biashara ya kimataifa ya kuku wa mbegu waliotoka katika vyanzo vichache. Kwa maneno mengine, bakteria walisafiri ndani ya ukoo wa kuku.

Jambo hili linaigusa Tanzania ya leo. Wafugaji wengi vijijini wamepokea kuku chotara wanaokua haraka kuliko kuku wa kienyeji, wakiwamo Sasso, ambao asili yao ni Ufaransa, na Kuroiler, ambao asili yao ni India. Kuku hawa wameinua kipato cha kaya nyingi, na kuwa na asili ya nje hakumaanishi kuwa wana ugonjwa. Maana yake ni kwamba usalama wa kifaranga anayefikishwa Mkata au Mombo ndani ya boksi lenye matundu hutegemea usafi wa kuku wazazi na wa kitotoleshi ambavyo mfugaji hatavitembelea kamwe. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mfugaji anaponunua vifaranga lihusu kitotoleshi walikotoka na chanjo walizopata, kabla ya kuulizia bei.

Katazo la mpakani na mipaka yake

Mwaka 2006, homa ya mafua ya ndege ilipoingia Afrika, Tanzania ilikataza uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka nje. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inaipa serikali mamlaka ya kudhibiti uingizaji huo na kuteketeza mifugo iliyoingizwa kinyume cha taratibu. Ukali wa katazo hilo ulidhihirika Oktoba 2017, pale vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya walipoteketezwa kwa moto Namanga. Tukio hilo lilizua mjadala mkali pande zote mbili za mpaka kuhusu biashara, ujirani na huruma kwa wanyama. Hata hivyo, hofu iliyokuwapo haikuwa ya kubuni: Januari mwaka huohuo Uganda ilikuwa imetangaza mafua ya ndege aina ya H5N8 kando ya Ziwa Viktoria.

Katazo hili lina manufaa mawili ya wazi. Limepunguza uwezekano wa kirusi hatari kuvuka mpaka, na limewakinga wafugaji wa nchini dhidi ya nyama ya bei ya kutupa kama iliyowaangusha wafugaji wa Kamerun. Lakini lilitungwa kwa ajili ya kirusi kinachoua kuku. Salmonella haisubiri Namanga. Tayari imo nchini, katika kuku, katika maji machafu na katika binadamu wenyewe. Mtu anayeamini kwamba kuku wa hapa nyumbani ni salama kwa sababu tu hakuvuka mpaka anasahau methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako.

Usimamizi wa chakula ndani ya nchi nao umebadilika. Tangu Julai 2019 jukumu la usalama wa chakula lilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Afya ya kuku aliye hai iko chini ya wataalamu wa mifugo, na afya ya mlaji iko chini ya idara ya afya ya halmashauri. Kuku mmoja hupita katika mikono ya taasisi tatu tofauti kabla hajafika mezani, na bakteria hufaidika na kila pengo lililopo kati yao.

Handeni na Korogwe: njia panda ya kuku

Wilaya hizi mbili zipo mahali ambapo barabara hukutana. Barabara kutoka Chalinze hupita Mkata na Kabuku hadi Segera, na hapo hugawanyika: mkono mmoja huelekea Tanga, mwingine huelekea Korogwe, Mombo, Moshi na Arusha. Barabara ya lami kati ya Handeni na Korogwe imefungua vijiji ambavyo zamani mvua za masika zilivifungia. Kuku wa kienyeji hukusanywa kutoka kaya moja hadi nyingine, hupelekwa kwenye magulio, hupangwa katika matenga na kusafirishwa kuelekea Dar es Salaam. Kutoka upande wa pili huja vifaranga, vyakula vya kuku, dawa za mifugo na kuku wa kisasa waliokwisha kuchinjwa. Kando ya barabara, wauzaji wa chipsi kuku huwahudumia wasafiri wa mabasi na wenyeji tangu asubuhi hadi usiku.

Katika tenga, kuku kutoka kaya tofauti hukaa pamoja kwa saa nyingi, bila maji, wakinyeana. Msongo huo huongeza utoaji wa bakteria katika kinyesi. Kuku aliyetoka nyumbani akiwa safi huweza kufika sokoni akiwa amechafuka, na tenga lisilooshwa huhamishia uchafu huo kwa shehena inayofuata.

Hata hivyo, desturi ya kijijini ina kinga yake. Kuku anayekamatwa asubuhi, akachinjwa, akapikwa hadi nyama ikaachana na mfupa na kuliwa mchana huohuo, hawapi bakteria muda wa kuzaliana. Mnyororo wake ni mfupi, hauhitaji umeme. Hatari huongezeka pale mnyororo unaporefushwa bila ubaridi wa kuulinda. Katika hali inayowafaa kabisa, bakteria hujigawa maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu hiyo, bakteria 100 walio juu ya nyama iliyofungwa katika mfuko wa plastiki kwa safari ya saa 6 katika joto la nyanda za chini wanaweza kujigawa mara 18 na kuwa zaidi ya milioni 26. Friji inayozimwa usiku ili kuokoa uniti za LUKU hutoa matokeo ya namna hiyohiyo, polepole zaidi. Yaliyotokea katika masoko ya Kamerun kwa nyama iliyovuka bahari yanaweza kutokea Korogwe kwa kuku aliyefugwa kilomita chache tu kutoka hapo.

Kutoka tumboni hadi kwenye damu

Kwa mtu mzima mwenye afya, Salmonella ya kundi la pili husababisha kuharisha, homa na maumivu ya tumbo, mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula. Wengi hupona ndani ya wiki moja bila kuhitaji viuavijasumu. Kwa mtoto mdogo wa Afrika hali huweza kuwa tofauti. Bakteria huvuka ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hali hiyo huitwa Salmonella vamizi. Makadirio ya mwaka 2017 yalionyesha wagonjwa wapatao 535,000 duniani na vifo 77,500, sehemu kubwa ikiwa Afrika kusini mwa Sahara na miongoni mwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Watoto walio katika hatari zaidi ni wenye utapiamlo, upungufu mkubwa wa damu, maambukizi ya VVU, selimundu, na wale walio na malaria au waliotoka kuugua malaria.

Uhusiano wa malaria na Salmonella una maelezo ya kibaiolojia. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu, na yaliyomo ndani yake humwagika. Chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza na kuua bakteria huvurugwa na mabaki hayo: humeza Salmonella lakini hushindwa kuiua. Bakteria ambaye kwa mtoto mwingine angeishia tumboni hupata njia ya kuingia na kustawi katika damu.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana jirani kabisa na Korogwe. Watafiti walilinganisha watoto waliolazwa Muheza, eneo lililokuwa na malaria nyingi, na wale wa Moshi, eneo lenye malaria kidogo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, watoto wa Moshi wenye Salmonella katika damu walikuwa hasa na ile ya homa ya matumbo, ilhali wale wa Muheza walikuwa hasa na Salmonella za kundi la pili. Aidha, uchunguzi wa hospitali hiyohiyo ya Muheza kati ya mwaka 2006 na 2010 ulionyesha kwamba malaria kali ilipopungua kwa watoto waliolazwa, maambukizi ya bakteria katika damu nayo yalipungua. Chandarua chenye dawa, kwa hiyo, kina nafasi yake katika somo la usalama wa chakula.

Korogwe yenyewe si ngeni katika utafiti wa homa za watoto. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo huko kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S pamoja na Kilifi, Kenya. Utafiti mwingine, uliofanyika katika Hospitali ya Wilaya ya Korogwe mwaka 2013, ulibaini kwamba homa nyingi za watoto waliofika hapo hazikuwa malaria. Matokeo haya yanabeba mafunzo mawili yanayokwenda pamoja: homa isiyo na malaria inahitaji kutafutiwa chanzo chake, na homa yenye malaria inaweza kuwa na chanzo cha pili.

Uadilifu wa kisayansi unadai neno moja hapa. Si kila Salmonella inayokutwa katika damu ya mtoto imetoka kwa kuku. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba aina za Typhimurium na Enteritidis zinazotawala katika damu ya watoto wa Afrika zina matawi yake, tofauti na zile zilizoenezwa na biashara ya kuku wa mbegu, na kuna dalili kwamba baadhi huambukizwa kutoka mtu hadi mtu kwa njia ya kinyesi na mikono. Kumlaumu kuku peke yake kungekuwa kosa, na kusahau choo na sabuni kungekuwa kosa kubwa zaidi.

Dawa zinazotoka bandani

Kuna jambo jingine linalounganisha banda na wodi, nalo ni usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Vifaranga wakizubaa, wafugaji wengi hukimbilia duka la pembejeo na kununua oksitetrasaiklini au dawa nyingine ya kuchanganya katika maji, bila ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Bakteria walio dhaifu hufa. Walio sugu hubaki na kuzaliana. Salmonella vamizi za Afrika Mashariki na Kati tayari zimeonekana kustahimili ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, dawa ambazo kwa miaka mingi zilikuwa tegemeo la vituo vya afya. Kinachobaki mara nyingi ni seftriaksoni na dawa nyingine chache. Kila dozi inayotolewa bandani bila sababu huongeza uzito juu ya hizo chache zilizobaki. Zaidi ya hayo, kuku aliyepewa dawa asichinjwe wala mayai yake yasiuzwe kabla muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo haujatimia.

Yapasayo kutendwa

Jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kushika kuku mbichi, na baada ya kunyonyoa na kutoa utumbo. Kisu na kibao vilivyotumika kwa nyama mbichi visikate kachumbari kabla havijaoshwa kwa sabuni na maji moto, kwa sababu kachumbari haipikwi na hubeba bakteria moja kwa moja hadi mdomoni. Nyama iive hadi ndani, joto lake likifikia nyuzi 70. Mahali pasipo na kipimajoto, ishara ni maji yake kutoka meupe bila wekundu na nyama iliyo karibu na mfupa kuwa imeiva. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kiporo kichemshwe tena hadi kitoe mvuke mwingi. Nyama iliyogandishwa ikishayeyuka isigandishwe tena.

Bandani. Kuku wasilale chumba kimoja na watoto. Kinyesi kiondolewe mara kwa mara na kiachwe kioze vizuri kabla ya kupelekwa kwenye bustani ya mboga. Vifaranga wanunuliwe katika vitotoleshi vilivyosajiliwa. Kuku wachanjwe dhidi ya kideri kwa ratiba, kwa kuwa kundi lenye afya hupunguza kishawishi cha kutumia viuavijasumu ovyo. Wasafirishaji waoshe na kuanika matenga juani baada ya kila safari.

Katika kituo cha afya. Mtoto mwenye homa achunguzwe ishara za hatari: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, na kulegea au kupoteza fahamu. Viganja vyake vitazamwe kwa ajili ya weupe wa upungufu wa damu. Mtoto mwenye ishara ya hatari, au mwenye viganja vilivyopauka sana, apewe rufaa haraka hata kama kipimo kimekwisha kuonyesha malaria. Kwa mtoto anayedhaniwa kuwa na malaria kali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza apewe viuavijasumu pamoja na dawa ya malaria hadi itakapothibitika kwamba hana maambukizi ya bakteria. Kutokuharisha kusimwondolee mtaalamu wazo la Salmonella. Kwa upande mwingine, mtoto anayeharisha tu, bila damu katika kinyesi wala ishara za hatari, anahitaji ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, wala si viuavijasumu.

Hitimisho

Mtoto wa miezi 14 aliyeanza makala haya alikuwa na malaria kweli, kipimo hakikukosea. Alichokosa katika safari yake ya kwanza ya zahanati ni mtu wa kutazama weupe wa viganja vyake na kujiuliza kama malaria imekuja peke yake. Huenda bakteria waliokuwa katika damu yake walitoka kwa kuku wa chotara, au kwa kuku wa kienyeji, au kwa mkono wa ndugu yake aliyetoka chooni. Kitandani mwa mgonjwa swali hilo halina jibu la haraka. Lakini kila njia kati ya hizo hupita mahali ambapo sabuni, moto wa kutosha, chandarua na jicho la mtaalamu vinaweza kuikatiza. Mpaka wa Namanga una walinzi wake. Kibao cha jikoni hakina mlinzi mwingine zaidi ya anayekitumia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kugandisha nyama ya kuku hakuifanyi kuwa salama, na ni mambo gani hukata mnyororo wa ubaridi katika mazingira ya mji wa Korogwe?
2. Eleza jinsi Salmonella Enteritidis inavyoweza kusafiri kutoka bara moja hadi jingine bila kipande chochote cha nyama kuuzwa.
3. Mtoto wa miaka miwili ana malaria, viganja vyeupe na homa isiyoshuka baada ya siku tatu za dawa. Haharishi. Eleza kinachotokea katika chembe zake nyeupe za damu na hatua ambazo mtumishi wa zahanati anapaswa kuchukua.
4. Katika kijiji chako, kuku mmoja hupita katika mikono ya watu wangapi tangu bandani hadi mezani? Taja mahali pawili ambapo bakteria wanaweza kuongezeka, na pendekeza namna ya kuwazuia bila gharama kubwa.